Kichwa cha Treni cha Kuazima: Historia ya Usanifu na Gharama za Vichwa vya Dizeli vya Treni za Mijini Amerika ya Kaskazini, 1966–2024

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya vichwa vya dizeli vinavyovuta treni za abiria wa mijini nchini Marekani na Kanada tangu miaka ya 1960 hadi 2024. Hoja yake kuu ni kwamba, kwa muda wa takriban nusu karne, treni ya mjini haikuwa na kichwa chake yenyewe. Iliazima injini, fremu na vipuri kutoka kwenye soko kubwa la reli za mizigo, na kwa hiyo sehemu ya gharama zake ilibebwa na wateja wengine. Kanuni za moshi zilizoanza kutumika mwaka 2015 zilivunja uhusiano huo. Reli za mizigo zilifuata njia moja ya kiteknolojia, na treni za mijini zikalazimika kufuata nyingine. Bei iliyoonekana baada ya hapo haikuwa mpya kabisa, ilikuwa imefichwa. Makala yanahitimisha kwa kuonesha jinsi historia hiyo inavyohusu miji ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambayo nayo ina treni za mijini na oda ndogo za vichwa.

1.0 Utangulizi

Historia ya reli katika vitabu vingi huandikwa kwa kufuata njia: nani alijenga, kwa fedha za nani, kutoka wapi hadi wapi. Kichwa cha treni hutajwa kwa jina lake na nguvu zake, kisha kikaachwa. Hata hivyo, kwa msafiri anayepanda treni saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni, kichwa ndicho kinachoamua mambo mengi: kama treni itawahi, kama behewa litakuwa na taa na hewa safi, na kama nauli na kodi anazolipa zitatosha kuendesha huduma hiyo mwaka ujao.

Katika makala haya, "kichwa" ni gari zima linalovuta treni, na "injini" ni mtambo wa dizeli ulio ndani yake. Tofauti hii ni muhimu. Katika kichwa cha dizeli cha kawaida, injini haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inazungusha alteneta inayozalisha umeme, na umeme huo ndio unaoendesha mota zilizoko kwenye ekseli. Kwa hiyo kichwa ni kituo kidogo cha umeme kilichowekwa juu ya magurudumu, na mjadala wote wa usanifu wake unahusu nani atumie umeme huo, injini iwe na uzito gani, na moshi wake upelekwe wapi.

Mfano uliochaguliwa ni wa Amerika ya Kaskazini, kwa kuwa huko treni nyingi za mijini bado huvutwa au kusukumwa na vichwa vya dizeli. Katika nchi nyingi za Ulaya na Japani, treni za miji mikubwa zilihamia kwenye umeme mapema, na swali hili halikupata uzito uleule.

2.0 Umeme wa Mabehewa

Kichwa cha mizigo kina kazi moja, nayo ni kuvuta. Kichwa cha abiria kina kazi mbili: kuvuta, na kuwapatia abiria taa, joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto. Zamani kazi hiyo ya pili ilifanywa kwa mvuke. Vichwa vya dizeli vya kizazi cha kwanza vilibeba chemshio la mvuke uliopita kwenye mabomba chini ya mabehewa. Mabomba hayo yalivuja, yaliganda, na yalihitaji mafundi wengi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, reli ya Chicago and North Western ilianza kutumia umeme badala ya mvuke katika treni zake za ghorofa zilizohudumia vitongoji vya Chicago. Umeme ulitoka kwenye kichwa na kupita kwa nyaya hadi behewa la mwisho. Mwaka 1966, kiwanda cha General Motors kilichokuwa London, Ontario, kilitengeneza vichwa 8 vya aina ya GP40TC kwa ajili ya huduma mpya ya GO Transit ya Toronto, iliyoanza tarehe 23 Mei 1967. GP40TC kilikuwa kichwa cha mizigo cha GP40 kilichorefushwa fremu ili kupata nafasi ya jenereta ya pili, yenye injini yake, kwa ajili ya mabehewa. Jina lenyewe linaeleza asili yake: kilianzia kwenye orodha ya vichwa vya mizigo, kikaongezwa kipande nyuma.

Kampuni ya Amtrak, iliyoanza kuendesha treni za masafa marefu Mei 1971, ilichukua mfumo wa umeme wa volti 480 na hezi 60, na mfumo huo ukawa wa kawaida katika reli nyingi za abiria. Tatizo lilikuwa namna ya kuuzalisha. Njia ya kwanza ilikuwa jenereta ya pili, kama ya GO Transit, ambayo iliongeza uzito, urefu na injini nyingine ya kutunza. Njia ya pili ilikuwa kuchukua umeme huo kutoka kwenye injini kuu. Njia hii ilikuwa rahisi kununua lakini ilikuwa na gharama ya kudumu. Ili mawimbi ya umeme yabaki kwenye hezi 60, injini ilipaswa kuzunguka kwa kasi ileile wakati wote, karibu mizunguko 900 kwa dakika, hata treni inapokuwa imesimama stesheni. Kelele, moshi na mafuta yaliyotumika yalikuwa ya injini inayofanya kazi, ilhali treni haikwenda popote.

3.0 Urithi wa Mizigo: Kutoka F40PH hadi MP36

Kichwa kilichoieneza njia ya pili ni F40PH, kilichotengenezwa na kitengo cha Electro-Motive cha General Motors katika jimbo la Illinois kuanzia mwaka 1975 hadi 1992. Mwili wake ulifunikwa ili ufanane na treni ya abiria, lakini ndani yake mlikuwa na injini ya silinda 16 ya mfululizo wa 645, yenye nguvu farasi 3,000, ileile iliyovuta makaa na nafaka katika bara zima. Amtrak ilinunua vichwa 216, na mashirika ya treni za mijini ya Chicago, Boston, New Jersey na San Francisco yakafuata. Familia nzima ya F40PH ilizidi vichwa mia nne.

Faida ya F40PH haikuwa katika usanifu wake peke yake. Fundi aliyejua kutengeneza kichwa cha mizigo alijua pia kutengeneza hiki. Kipuri kilichohitajika Boston kilikuwepo Chicago, na kilikuwepo kwa sababu reli za mizigo zilikitumia kwa maelfu. Shirika dogo lenye vichwa ishirini lilinufaika na oda za kampuni zilizokuwa na vichwa elfu mbili. Gharama ya kubuni injini, kuijaribu na kuirekebisha ilikuwa imekwisha kulipwa na wasafirishaji wa mizigo.

Hasara nayo ilikuwepo. Mabehewa yalipotumia kilowati 500 za umeme, nguvu farasi zaidi ya 670 ziliondolewa kwenye kazi ya kuvuta. Kwa treni ya masafa marefu jambo hilo lilivumilika, kwani ikishafikia mwendo wake haihitaji nguvu nyingi. Kwa treni ya mjini lilikuwa tatizo la msingi. Treni hiyo husimama kila baada ya kilomita chache. Muda wake wa safari huamuliwa na wepesi wa kuondoka stesheni kuliko mwendo wake wa juu. Nguvu zilizochukuliwa na viyoyozi zilichukuliwa palepale zilipohitajika zaidi.

Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1980 wasanifu walirudi kwenye wazo la jenereta ya pili. F59PH, kilichotengenezwa kuanzia mwaka 1988 kwa ajili ya GO Transit na baadaye kutumiwa na Metrolink ya Los Angeles ilipoanza Oktoba 1992, kilikuwa na injini ya silinda 12 ya mfululizo wa 710 kwa ajili ya kuvuta, na injini ndogo ya pembeni kwa ajili ya mabehewa. Mwaka 2003 kampuni ya MotivePower ya Boise, Idaho, ilianza kuipatia Metra ya Chicago vichwa vya MP36 vyenye nguvu farasi 3,600. Injini yake ilikuwa bado ya ukoo wa 645. Karibu miaka arobaini baada ya GP40TC, msingi ulikuwa uleule: injini ya mizigo, mwili wa abiria.

4.0 Sheria ya Moshi

Hadi miaka ya 1990, moshi wa vichwa vya treni nchini Marekani haukuwa na kikomo cha kitaifa. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilikamilisha kanuni za kwanza mwishoni mwa muongo huo, zikaanza kutumika mwaka 2000. Kanuni hizo zilipangwa kwa madaraja. Kichwa cha Daraja la 0 kiliruhusiwa kutoa gramu 9.5 za oksidi za naitrojeni na gramu 0.60 za chembechembe za masizi kwa kila nguvu farasi kwa saa. Daraja la 2, lililoanza mwaka 2005, lilishusha viwango hivyo hadi gramu 5.5 na 0.20. Kanuni za mwaka 2008 ziliongeza Daraja la 3, na kisha Daraja la 4 kwa vichwa vipya kuanzia mwaka 2015: gramu 1.3 na 0.03. Kati ya daraja la kwanza na la mwisho, masizi yaliyoruhusiwa yalipungua mara ishirini.

Haja ya kanuni hizo haikuwa ya kinadharia. Mwezi Juni 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Treni za mijini zina mazingira yanayouzidisha moshi huo. Huingia katika stesheni zilizofunikwa, kama ile ya Union Station ya Chicago, na injini zikasubiri humo zikinguruma ili mabehewa yasikose umeme. Kichwa kinapokuwa mbele, moshi wake hurudi nyuma na sehemu yake huingia kwenye hewa ya mabehewa. Mwaka 2010 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha vipimo vya masizi ndani ya treni za mji huo, na suala hilo likawa la umma. Msafiri aliyeacha gari lake nyumbani ili kupunguza uchafuzi wa hewa alikuwa akiuvuta mwenyewe.

Kiteknolojia, Daraja la 4 lilikuwa mpaka ambao injini za zamani hazikuuvuka. Injini za mfululizo wa 567, 645 na 710 ni za mipigo miwili, zenye silinda kubwa na mwendo wa taratibu. Ni injini imara, zilizotumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, lakini mtengenezaji wake hakufanikiwa kuifikisha 710 kwenye viwango vya mwaka 2015 kwa namna inayofaa kibiashara. Ilimbidi abuni injini mpya ya mipigo minne kwa vichwa vyake vya mizigo.

Hapa ndipo njia zilipoachana. Ziko namna mbili kuu za kupunguza oksidi za naitrojeni. Ya kwanza ni kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la uchomaji. Ya pili ni kuuacha moshi utoke, kisha kuunyunyizia myeyusho wa yurea na kuupitisha kwenye kichocheo kinachozigeuza oksidi kuwa naitrojeni na maji. Kampuni za reli za mizigo hazikutaka kujenga matangi ya yurea katika mtandao wa makumi ya maelfu ya kilomita. Kwa hiyo General Electric, na baadaye mshindani wake, waliwapatia vichwa vya namna ya kwanza. Vichwa hivyo vilikuwa virefu, vyenye ekseli sita na uzito wa karibu tani 190. Kwa treni ya mizigo, uzito ni msaada, kwa kuwa magurudumu hushika reli vizuri. Kwa treni ya mjini, uzito huo ni mzigo mwingine wa kuondoa stesheni.

5.0 Uzito, Joto na Nafasi

Wasanifu wa kichwa kipya cha abiria walikuwa na ekseli nne na uzito usiozidi sana tani 120, yaani takriban tani 30 kwa kila ekseli. Ndani ya kikomo hicho walipaswa kuweka injini yenye nguvu kuliko ya zamani, mtambo wa kusafisha moshi, tangi la yurea, vifaa vya umeme wa mabehewa na muundo wa kuhimili ajali. Kanuni za Marekani zinataka gari la abiria katika treni za kawaida lihimili mgandamizo wa ratili 800,000, yaani takriban tani 363, bila kupinda. Baada ya ajali ya Chatsworth, California, ya tarehe 12 Septemba 2008, ambapo treni ya mjini iligongana na ya mizigo na watu 25 wakafariki, sheria ilidai pia mfumo wa kusimamisha treni bila kumtegemea dereva. Kila dai lilikuwa la haki, na kila dai lilikuwa na kilo zake.

Jibu lilikuwa kuachana na injini nzito za mwendo wa taratibu. Injini ya silinda 12 ya mfululizo wa 710 ina ujazo wa karibu lita 140, na hutoa nguvu farasi 3,000 kwa mizunguko 900 hivi kwa dakika. Injini ya QSK95 ya Cummins, iliyowekwa katika kichwa cha Charger cha Siemens, ina ujazo wa lita 95, huzunguka mara 1,800 kwa dakika, na katika toleo la SC-44 hutoa nguvu farasi 4,400. Kichwa cha F125, kilichotengenezwa na mrithi wa kitengo cha Electro-Motive kwa ajili ya Metrolink na kuanza kazi mwaka 2017, kilitumia injini ya Caterpillar ya silinda 20 yenye nguvu farasi 4,700, nayo ikizunguka mara 1,800. Umeme wa mabehewa sasa ulipitia vifaa vya kielektroniki vinavyorekebisha mawimbi, hivyo injini haikulazimika tena kunguruma kwa mwendo mmoja ikiwa imesimama. Tatizo la F40PH lilipata ufumbuzi baada ya miaka arobaini.

Yalizuka matatizo mengine. Kichocheo cha yurea hufanya kazi vizuri moshi ukiwa na joto la kutosha, zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi. Kichwa cha mizigo hupanda mlima kwa saa nzima kikiwa katika nguvu zake zote, na moshi wake hubaki wa moto. Treni ya mjini huongeza mwendo kwa dakika moja au mbili, hupunguza, husimama, kisha huanza tena. Mchana hukaa kituoni kusubiri abiria wa jioni. Moshi wake hupoa kila mara. Vilevile, myeyusho wa yurea huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, baridi ambayo Chicago na Toronto huiona kila mwaka. Tangi, mabomba na pampu vilihitaji kupashwa joto. Hapakuwa na mteja wa mizigo aliyekwisha kulipia utatuzi wa matatizo haya, kwani yalikuwa ya treni ya abiria peke yake.

Baadhi ya wasanifu walirudi kwenye wazo la zamani. Vichwa vya mfululizo wa E, vilivyovuta treni za Chicago tangu miaka ya 1950, vilikuwa na injini mbili ndogo badala ya moja kubwa. MP54AC cha GO Transit kilitumia mpangilio huohuo: injini mbili za Cummins, jumla ya nguvu farasi 5,400, ambapo moja inaweza kuzimwa wakati wa kusubiri. Moshi na mafuta vilipungua, ila kila kichwa kilikuwa na injini mbili za kukaguliwa.

6.0 Bei ya Oda Ndogo

Mwezi Machi 2014, jimbo la Illinois, likiongoza kundi la majimbo kadhaa, lilitoa oda ya vichwa 32 vya Charger kwa dola milioni 225, wastani wa takriban dola milioni 7 kwa kichwa. Mwaka uliofuata Maryland iliagiza 8 kwa ajili ya treni zake za mjini kwa dola milioni 58, yaani zaidi kidogo ya milioni 7. Mwishoni mwa mwaka 2020, New York iliidhinisha vichwa 27 vinavyotumia dizeli na umeme wa reli ya tatu, kwa takriban dola milioni 335. Hiyo ni zaidi ya dola milioni 12 kwa kimoja, kwa sababu kichwa kinachoingia katika mahandaki ya Manhattan bila moshi ni vichwa viwili ndani ya mwili mmoja.

Maelezo ya kawaida ni kwamba bei hizi zililetwa na sheria ya mazingira. Maelezo hayo ni ya kweli nusu tu. Nusu nyingine ni ukubwa wa oda. F125 kilitengenezwa vichwa 40, vyote kwa Los Angeles. HSP46, chenye injini ya General Electric na kilichofuata Daraja la 3, kilitengenezwa 40, vyote kwa Boston. MP54AC kilibaki cha Toronto. Kubuni kichwa, kukifanyia majaribio ya mgongano na moshi, kuandika vitabu vya mafundi na kutengeneza kalibu za vipuri ni gharama ambayo haipungui kwa kuwa mteja ni mdogo. Ikigawanywa kwa vichwa mia nne, haionekani. Ikigawanywa kwa arobaini, hujitokeza katika kila ankara.

Masharti ya fedha za umma yaliongeza uzito huo. Fedha za serikali kuu kwa usafiri wa mijini zilitaka sehemu kubwa ya thamani ya vipuri itoke ndani ya Marekani. Kiwango kilipanda kutoka asilimia 60 hadi 70 kufikia mwaka 2020. Lengo lilikuwa kulinda ajira, na Siemens ilitengeneza vichwa vyake Sacramento. Lakini sharti hilo liliwazuia wanunuzi wadogo kuagiza tu kichwa ambacho tayari kilitengenezwa kwa wingi mahali pengine.

Jitihada moja ya kukabiliana na hali hiyo inastahili kukumbukwa. Sheria ya reli za abiria ya mwaka 2008 iliunda kamati ya majimbo, watengenezaji na serikali kuu ili kuandika maelezo ya pamoja ya kiufundi kwa vichwa na mabehewa. Oda ya Illinois ilitokana na kazi hiyo. Iliruhusu wengine kuongeza vichwa vyao juu ya mkataba uleule, na Charger ndicho kilichopata wateja wengi kuliko wenzake wa kizazi hicho. Kwa namna hiyo, wanunuzi wadogo walijaribu kujitengenezea wenyewe ule wingi ambao zamani waliuazima kwa reli za mizigo.

7.0 Njia za Kukwepa

Wengine walichagua kutonunua kipya. Kanuni za moshi zinawabana watengenezaji wa vichwa vipya kuliko wanaokarabati vya zamani. Mwaka 2019 Metra iliidhinisha ununuzi wa vichwa 15 vya SD70MACH kwa dola milioni 70.9, wastani wa dola milioni 4.7. Hivi ni vichwa vya mizigo vya ekseli sita vilivyokarabatiwa na kuongezewa umeme wa mabehewa. Chicago, mji ulioanzisha umeme wa mabehewa, ulirudi waziwazi kwenye kichwa cha mizigo. Hesabu ya fedha ilieleweka, na moshi ulikuwa mdogo kuliko wa vichwa vilivyoondolewa, ila haukufikia Daraja la 4. Sheria iliyokusudia kuleta vichwa safi ilikuwa imewafanya baadhi ya wanunuzi warefushe maisha ya vile vya kale. Reli za mizigo nazo zilifanya vivyo hivyo kwa kukarabati vichwa vyao.

Njia nyingine ilikuwa kuondoa kichwa kabisa. Treni ya uwanja wa ndege wa Toronto iliyoanza mwaka 2015, na ile ya SMART ya kaskazini mwa San Francisco iliyoanza mwaka 2017, zina injini ndogo za Daraja la 4 chini ya sakafu za mabehewa. Zinafaa kwa treni fupi. Kwa treni ya mabehewa kumi, injini huwa nyingi mno. Njia ya tatu ni umeme. Mwezi Septemba 2024 Caltrain ilihamisha huduma yake kati ya San Francisco na San Jose, umbali wa takriban kilomita 82, kutoka dizeli hadi umeme, kwa mradi wa takriban dola bilioni 2.4. Treni zake huondoka stesheni kwa wepesi ambao hakuna kichwa cha dizeli kingeweza kuufikia. Lakini kiasi hicho cha fedha kingenunua mamia ya vichwa, na si kila mji una abiria wa kutosha kukihalalisha.

8.0 Funzo kwa Afrika Mashariki

Miji ya Afrika Mashariki imeingia katika historia hii kwa mlango uleule wa kuazima. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianza treni za mjini katika njia mbili zenye vipimo tofauti: njia ya kati yenye upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA yenye milimita 1,067. Mwezi uliofuata Nairobi ilifungua stesheni ya Syokimau. Desemba 2015 Kampala ilianza treni kati ya mji na Namanve. Huduma hizi zilijengwa juu ya reli zilizopo na vichwa vya njia kuu. Mwaka 2020 Nairobi iliongeza treni za dizeli zenye injini chini ya mabehewa, zilizokuwa zimetumika katika kisiwa cha Mallorca, Hispania, kwa kuwa kisiwa hicho nacho kina reli ya upana wa mita moja.

Uamuzi huo wa Nairobi unaeleweka vizuri zaidi ukisomwa pamoja na historia ya Chicago na Boston. Reli ya mita moja ina wateja wachache duniani, na mji mmoja unaohitaji treni kumi hauwezi kubeba gharama ya kubuni treni mpya. Kununua kilichotumika ni kuazima wingi wa mwingine. Swali la kihistoria ni kuhusu siku ambapo aliyeazimwa atabadili njia. Mallorca ilikuwa imehamia kwenye umeme, ndiyo sababu treni zake za dizeli zilipatikana. Chanzo cha namna hiyo huisha. Tanzania nayo imechagua umeme kwa reli yake mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, na kwa hiyo njia kuu mpya haitakuwa ghala la vichwa vya dizeli vya kuazimwa na treni za mjini za reli ya zamani.

Mfano wa kamati ya majimbo ya Marekani unafaa kutazamwa hapa. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zina njia za upana mmoja wa mita moja, zilizorithiwa kutoka mtandao uliowahi kuendeshwa na shirika moja hadi kuvunjika kwa jumuiya ya kwanza mwaka 1977. Maelezo ya pamoja ya kiufundi, kuhusu uzito wa ekseli, umeme wa mabehewa na kiwango cha moshi, yangeweza kuandikwa kabla ya zabuni yoyote. Gharama ya kuyaandika ni ndogo. Gharama ya kutoyaandika ni kila mji kuagiza peke yake, na kila karakana kutunza vipuri visivyofaa kwa jirani.

9.0 Hitimisho

Historia ya kichwa cha dizeli cha treni ya mjini si historia ya wahandisi walioshindwa. Kila kizazi kilitatua tatizo lililokuwa mbele yake: mvuke, umeme wa mabehewa, kelele stesheni, masizi. Kilichobaki bila kutatuliwa kwa muda mrefu ni swali la nani analipia usanifu wa chombo ambacho wateja wake ni wachache. Kuanzia GP40TC hadi MP36, jibu lilikuwa kwamba reli za mizigo zimekwisha kulipia. Kanuni za mwaka 2015 hazikuumba gharama hiyo kutoka hewani; ziliiondoa kwenye mabega yaliyokuwa yakiibeba, na ziliondoa pia sehemu ya gharama nyingine iliyokuwa ikibebwa na mapafu ya abiria na wakazi wa kando ya reli.

Miji inayopanga treni zake leo ina nafasi ya kuliuliza swali hilo mapema. Kuazima si kosa, na mara nyingi ndiyo njia pekee iliyopo. Anayeazima, hata hivyo, anapaswa kujua chombo ni cha nani, kitapatikana hadi lini, na kikikosekana atashirikiana na nani kutengeneza chake.